Shajara ya mradi wa Pipeline: pakiti isipande kwa prosesa

Jumatatu

Mradi ni huu. Ploti mbili za gorofa nane zilizopakana hapa Pipeline, Embakasi, zinatumia mtandao mmoja. Wapangaji wana WiFi, saiba ya chini inayotazama barabara ina kompyuta zake, ngazi na malango yana kamera, na chumbani kwa keateka kuna seva inayohifadhi picha za kamera pamoja na masomo ya video ya watoto. Masomo hayo yaliwekwa na chama cha akina mama wa ploti ili mtoto asome bila kumaliza bando. Kila kundi lina VLAN yake, yaani mtandao wake mdogo uliotengwa na mingine ingawa vifaa ni vilevile. Mpangilio huo ni mzuri na sitaugusa.

Kinachoumiza ni njia. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ikitoka kwa mpangaji kwenda kwa seva iliyo ng'ambo ya ukuta tu, inapanda kwa rauta moja ndogo kupitia kebo moja, rauta inaigeuza, kisha inateremka kwa kebo ileile. Jioni watoto wakiwa kwenye masomo na kamera zikiendelea kurekodi, CPU ya rauta, yaani prosesa yake, inajaa kabisa, na hata mtu asiyehusika na seva anaona intaneti imekwama. Mkongo unaoingia ploti uko sawa. Ni trafiki ya humu ndani inayokanyagana.

Wanaoijua historia ya mtandao wa Kenya wataitambua hali hii. Kabla ya KIXP, kituo ambapo watoa huduma wa intaneti wa Kenya hubadilishana trafiki, kuwashwa Nairobi mnamo Novemba 2000, barua pepe ya kutoka kwa mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda kwa mwenzake wa Nairobi ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Kituo kilifungwa muda mfupi baadaye kwa malalamiko yaliyofikishwa kwa mdhibiti, kikafunguliwa tena 2002, na tangu hapo trafiki ya hapa hubadilishwa hapa. Ndani ya ploti nataka jambo hilohilo: cha humu kimalizike humu.

Kwa hiyo rauta itabaki na kazi ya intaneti peke yake. Kati ya VLAN na VLAN, kazi itafanywa na swichi ya tabaka nyingi, yaani inayoelewa tabaka la pili (anwani za MAC za vifaa, ndani ya mtandao mmoja) na la tatu (anwani za IP, kati ya mtandao na mtandao).

Jumanne

Swichi imepatikana mjini, kwenye duka la vifaa vilivyotumika. Ni Catalyst 3560G ya Cisco, ya poti 24 za gigabiti. Ya zamani, lakini feni zinazunguka vizuri, poti zote zinaitika, na programu iliyomo ina uwezo kamili wa kuelekeza njia. Nimeifuta usanidi wote wa mwenyewe wa awali kabla ya kitu kingine chochote.

Kijana ninayemfundisha kazi aliandika `show version`, akasoma, akanyamaza kidogo. Mstari wenyewe unasema prosesa ni PowerPC405 na kumbukumbu ni 131072K, yaani megabaiti 128.

"Mwalimu, simu yangu ina nguvu kuliko hii. Itapitishaje gigabiti 24?"

Hilo ndilo swali la mradi mzima, na nataka shajara hii ilijibu sawasawa kwa sababu mafundi wengi niliokutana nao hawajawahi kujibiwa. Wanaambiwa tu kwamba swichi ya tabaka la tatu ni "rauta yenye kasi", basi.

Tulichukua karatasi tukapiga hesabu. Fremu ni bahasha inayobeba pakiti kwenye kebo, na ndogo kabisa ya Etherneti ni baiti 64. Ongeza baiti 8 za utangulizi na nafasi ya baiti 12 kati ya fremu na fremu: baiti 84, sawa na biti 672. Kwenye poti ya gigabiti moja, biti 672 zinachukua nanosekunde 672. Kwa hiyo poti moja ikijazwa fremu ndogo inaleta fremu 1,488,095 kila sekunde. Poti 24 zikijaa kwa pamoja, fremu mpya inafika kila baada ya nanosekunde 28. Hata prosesa ya gigahezi moja ingekuwa na mipigo 28 tu ya kusoma anwani, kutafuta njia, kuangalia ruhusa, kubadilisha kichwa cha pakiti na kuitoa. Kuigusa kumbukumbu ya kawaida ya DRAM mara moja tu kunakula zaidi ya hapo.

Kwa hiyo jibu ni kwamba prosesa haipitishi pakiti. Prosesa inaandaa majibu mapema, inayaandika kwenye chipu maalumu, yaani ASIC, kisha inakaa kando. Pakiti inapofika, uamuzi ulishafanywa. Chipu inausoma tu.

Jumatano

Leo siku nzima ni ya njia anayopita mteja wetu, pakiti. Nilitaka kijana aione bila kuruka hatua.

Fremu inaingia kwenye poti. Chipu inasoma baiti za mwanzo na kuuliza: anwani ya MAC iliyoandikwa kama mpokeaji, ni yangu? Kila VLAN tuliyoipa swichi anwani ya IP ina MAC ya swichi yenyewe. Simu ya mpangaji inapotaka kumfikia mtu wa VLAN nyingine, inaiandikia fremu MAC ya mlango wake, yaani swichi. Ikiwa MAC si ya swichi, basi ni safari ya ndani ya VLAN ileile: tafuta MAC na namba ya VLAN kwenye jedwali, pata poti, toa. Hilo ni tabaka la pili na limekwisha. Ikiwa MAC ni ya swichi, chipu inageukia anwani ya IP.

Kwenye tabaka la tatu kuna majedwali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni FIB, orodha ya njia zilizoshushwa kutoka kwenye jedwali la njia la prosesa. Linajibu swali moja: mtandao huu unapitia kwa jirani gani? La pili ni jedwali la majirani, na linajibu: jirani huyo, fremu yake inaandikwaje? Kutenganisha mawili haya ni uamuzi wa busara sana. Njia elfu moja zikipitia jirani mmoja, na MAC ya jirani huyo ikabadilika, swichi inarekebisha mstari mmoja tu kwenye jedwali la majirani. Zile njia elfu hazigusiki.

Cisco wanaita mpango huu CEF (Cisco Express Forwarding). Kabla yake swichi nyingi za tabaka la tatu zilitumia akiba ya mazungumzo: pakiti ya kwanza ya kila mazungumzo inapanda kwa prosesa, jibu linahifadhiwa, zinazofuata zinapita kwenye maunzi, yaani chipu yenyewe. Ulikuwa mtindo mzuri kwa mtandao mdogo uliotulia. Ila virusi vinavyogonga anwani mpya kila mara vilifanya kila pakiti iwe ya kwanza, na prosesa ikazama. CEF haingoji pakiti ya kwanza. Njia ikijulikana tu, tayari imeshaandikwa kwenye chipu.

Nikamwambia aandike `show adjacency detail`. Kwenye mstari wa seva ya masomo kulikuwa na hiki:

`3C52827A10C4001BD45E20420800`

Akadhani ni namba ya siri. Tukaikata pamoja. Baiti sita za kwanza, 3C52827A10C4, ni MAC ya seva. Sita zinazofuata, 001BD45E2042, ni MAC ya swichi yenyewe upande wa VLAN ya seva. Na 0800 mwishoni ni alama kwamba kilichobebwa ni IPv4. Baiti 14, kichwa kizima cha Etherneti, kimeshaandikwa na kuwekwa tayari kabla mtoto yeyote hajabonyeza video. Pakiti ikija, chipu inakata kichwa cha zamani na kupachika hiki. Inapunguza TTL, idadi ya hatua ambazo pakiti imebakiza, kwa moja, inarekebisha jumla ya ukaguzi (namba ya kugundua makosa) ya kichwa cha IP, inahesabu upya ile ya fremu nzima, inatoa. Hakuna kilichofikiriwa upya.

Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na bado mstari ule unanifurahisha kuuona. Ukiuelewa, umeelewa maana ya kupitisha pakiti kwenye maunzi.

Tulithibitisha kwa `tcpdump`, programu ya kunasa pakiti, kwenye laptopu mbili, moja kila VLAN. Upande wa kutoka TTL ilikuwa 64, upande wa kufika 63. IP zote mbili hazikubadilika. MAC zote mbili zilibadilika.

Alhamisi

TCAM, kumbukumbu ya chipu inayotafuta njia. Hapa nitakaa.

Jedwali la MAC ni rahisi kwa sababu jibu ni ndiyo au hapana: anwani nzima inalingana au hailingani. Njia za IP haziko hivyo. Anwani 10.20.30.40 inaweza kulingana na 10.0.0.0/8, na 10.20.0.0/16, na 10.20.30.0/24, zote kwa wakati mmoja (namba baada ya mkwaju ni idadi ya biti za mwanzo zinazolinganishwa), na sheria inasema iliyo ndefu zaidi ndiyo inayoshinda. Ukitafuta kwa programu, unateremka kwenye mti hatua kwa hatua. Ndani ya nanosekunde 28, hatua hizo ni nyingi mno.

TCAM ni kumbukumbu ambayo kila biti inaweza kuwa 0, au 1, au "yoyote". Hiyo hali ya tatu ndiyo inayoandika maski, yaani sehemu ya anwani isiyolinganishwa. Na badala ya kuipa namba ya chumba ikupe kilichomo, unaipa kilichomo ikupe namba ya chumba. Nilimweleza kijana hivi: mwalimu anasimama mbele ya darasa na kusoma namba kwa sauti. Kila mwanafunzi ana kadi yenye namba, na kwenye kadi nyingine baadhi ya tarakimu zimepakwa wino. Wote wanasikia mara moja, wote wanalinganisha mara moja, na kila ambaye tarakimu zake zinazosomeka zinalingana anainua mkono. Mwalimu anachukua mkono wa aliyekaa mbele kabisa. Ukiwa umewapanga wenye wino kidogo mbele, umepata njia ndefu zaidi kwa pumzi moja, darasa liwe na wanafunzi kumi au elfu sita.

Gharama iko hapohapo. Kila chumba cha TCAM kina sakiti yake ya kulinganisha, na vyote vinaamka kila swali linapoulizwa. Inakula umeme, inatoa joto, inachukua nafasi kubwa kwenye chipu. Ndiyo maana ni ndogo siku zote, na ndiyo maana mwenye swichi anapaswa kujua ukubwa wake kabla hajaipangia kazi.

Kwenye 3560 mgawanyo unaitwa SDM. Nafasi ni ileile, unachochagua ni nani apewe ngapi. Mgawanyo wa kawaida unatoa MAC 6K, njia za IPv4 8K, na mistari ya ulinzi 1K. Hizo njia 8K zimegawanyika: 6K ni vifaa vilivyounganishwa moja kwa moja, 2K ni mitandao iliyo nyuma ya rauta nyingine. Watu hushangaa kwa nini vifaa vya moja kwa moja vinahesabiwa kama njia. Ni kwa sababu kila simu inayojulikana kwenye VLAN inapewa mstari wake wa /32 unaoelekeza kwenye kichwa chake cha baiti 14. Ukichagua mgawanyo wa njia, mitandao ya mbali inapanda hadi 8K, lakini vifaa vya moja kwa moja vinashuka hadi 3K na MAC vilevile 3K.

Ploti zetu zina mamia ya vifaa na njia zisizofika kumi. Mgawanyo wa kawaida unatosha na kubaki.

Jumamosi

Tumehamia. Tulianza asubuhi na mapema wakati saiba imefungwa. `ip routing`, anwani kwa kila VLAN, njia moja ya jumla kuelekea rauta, tukahamisha kebo. Keateka alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wake akiuliza kila baada ya muda, "Fundi, imerudi?" Ilirudi kabla chai haijapoa.

Ping ya kwanza, yaani pakiti ya kujaribu kama mwenzako anajibu, kutoka kwa laptopu ya saiba kwenda kwa seva ilipotea. Ya pili ikajibu, na zilizofuata zote. Nafurahi kijana aliona, maana kila mwanafunzi wa mitandao ameshaiona alama ya `.!!!!` kwenye skrini na wengi huipita tu. Mtandao wa seva ulikuwa kwenye FIB, lakini seva yenyewe ilikuwa haijasema chochote tangu kebo ihame, kwa hiyo kichwa cha baiti 14 hakikuwepo. Pakiti ya kwanza ikapandishwa kwa prosesa ili itume ARP kuuliza, "nani ana anwani hii?" Jibu liliporudi, mstari uliandikwa kwenye maunzi, na prosesa haikuhusika tena.

Kisha `iperf3`, programu ya kupima kasi, kati ya VLAN mbili: megabiti 941 kwa sekunde. Hicho ndicho kilele cha TCP kwenye gigabiti moja, kwa sababu kilichobaki ni vichwa vya pakiti na nafasi kati ya fremu. Tukaongeza jozi nyingine za laptopu kwenye poti nyingine. Kila jozi ilipata zake kamili, na `show processes cpu` haikutikisika. PowerPC405 haikujua hata kama kuna trafiki.

Jioni watoto waliwasha masomo. Kimya. Hakuna aliyenipigia simu.

Jumatatu

Ruhusa. Kamera zisiweze kufikiwa na wapangaji, wapangaji wasifikie mashine za saiba, seva ifikiwe na wote lakini kwa huduma ya masomo tu. Fundi aliyekuwepo zamani aliacha orodha ndefu ya sheria kwenye rauta, nami nimezihamisha baada ya kuzipitia moja moja.

Kwenye rauta ya programu, sheria zinasomwa kutoka juu kushuka chini, na sheria ya mia inachelewesha kuliko ya kwanza. Kwenye swichi hii sheria zimeandikwa kwenye TCAM pia, na zinaulizwa wakati uleule njia inapotafutwa. Sheria kumi au mia tatu, pakiti haioni tofauti. Kinachopungua ni nafasi.

Na nafasi hupungua kwa namna ambayo haionekani kwenye usanidi. Sheria ya namba za poti (hapa ni namba za huduma ndani ya pakiti, si matundu ya kebo) kuanzia 1024 hadi 65535 ni mstari mmoja unapoiandika. TCAM haijui "kuanzia hadi". Inajua 0, 1 na yoyote. Ikiandikwa hivyo inavunjika kuwa mistari 6, moja kwa kila kipande kinachoanza kwenye 1024, 2048, 4096, 8192, 16384 na 32768. Hiyo ni bahati, kwa kuwa mwanzo na mwisho vimeangukia pazuri. Kuanzia 1 hadi 65534 inahitaji mistari 30. Swichi nyingi zina sakiti ndogo za kusaidia ulinganisho wa namna hii, lakini nazo ni chache na zinakwisha. Nimeandika upya sheria zote za "kuanzia hadi" zilizoweza kuandikwa kwa poti mahususi.

Kitu kingine kilichokuja na orodha ile ni neno `log` mwishoni mwa sheria ya kuzuia. Linasikika la busara: kila anayezuiwa aandikwe. Lakini chipu haijui kuandika ripoti. Ili iandikwe, pakiti lazima ipelekwe kwa prosesa. Tuliiacha kwa majaribio saa za mchana, tukaangalia `show controllers cpu-interface`, amri inayoonyesha foleni za kuingilia prosesa zikiwa zimetajwa kwa majina. Foleni ya `logging` ilikuwa inapanda kila tulipobonyeza. Runinga moja ya gorofa ya tano ilikuwa inaigonga VLAN ya kamera bila kukoma kutafuta kifaa cha kurushia picha, na kila hodi yake ilikuwa inamwamsha prosesa. Tumeondoa `log`. Kuzuia kunaendelea kwenye maunzi kama kawaida, na foleni imesimama.

Jumatano

Kijana ndiye aliyeliona hili, na nampa heshima yake. Taa za poti zote za VLAN ya seva zilikuwa zinawaka kwa mdundo mmoja. Poti zote, pamoja na ile ya printa ambayo hakuna aliyeitumia.

VLAN hiyo ina mashine ndogo inayopokea ripoti za kamera kwa UDP, njia ya kutuma isiyohitaji jibu. Inapokea tu. Haijibu, haiulizi, haisemi. Jedwali la MAC husahau anwani isiyosikika kwa sekunde 300. Jedwali la ARP hukumbuka kwa saa 4. Kwa hiyo baada ya dakika tano za ukimya, swichi bado ina kichwa cha baiti 14 chenye MAC sahihi ya mashine ile, inaelekeza pakiti vizuri, inapachika kichwa vizuri, halafu ikiuliza jedwali la MAC "yuko poti gani?" haipati jibu. Sheria ya tabaka la pili ni kwamba usiyemjua alipo, unamtumia kila poti ya VLAN. Na ndivyo ilivyokuwa ikifanya, saa nyingi kwa siku.

Hakuna kilichovunjika na hakuna ujumbe wa kosa. Tabaka mbili zina saa mbili tofauti, kila moja ikifanya wajibu wake. Tumeweka muda wa jedwali la MAC kwenye VLAN hiyo uwe sekunde 14400, sawa na ARP. Taa zimetulia.

Ijumaa

Jaribio nililolitaka tangu mwanzo: jedwali likijaa, nini hutokea? Tulilifanya kwenye swichi ya pili ya aina hiyohiyo, mezani, mbali na wapangaji.

Laptopu yenye Linux na FRR, programu ya rauta, ilitangaza njia 3,000 za uongo kwa OSPF, itifaki ya kupashana njia, ilhali mgawanyo wa kawaida una nafasi ya 2K za aina hiyo. Kwenye `show ip route` zote zilionekana, nzima, bila dosari. Hilo ndilo la kuogopesha. Jedwali la prosesa lilikuwa limejaa njia sahihi, na fundi anayeangalia hapo tu angeapa kwamba mtandao uko sawa. Ukweli ulikuwa kwenye `show platform tcam utilization`, safu ya waliotumia imeifikia safu ya kikomo, na kwenye ujumbe wa mfumo unaosema kuna njia ambazo hazikuweza kuandikwa kwenye TCAM.

Tulituma `iperf3` kwenye njia iliyopata nafasi: kasi ileile, prosesa imetulia. Tukatuma kwenye iliyokosa: kasi ikaanguka vibaya, kazi iitwayo IP Input ikapanda juu ya orodha ya CPU, na hata kuandika amri kwenye kiweko kukawa kuzito, herufi zinachelewa kutokea. Prosesa ileile ambayo kwenye njia ya kwanza haikujua kuna trafiki, sasa imebebeshwa yote.

Hili si la ploti wala la vifaa vya zamani pekee. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la njia za intaneti nzima lilifika ukomo wa 512K uliokuwa umewekwa kiwandani kwenye rauta na swichi nyingi kubwa, zikiwemo za familia ya Catalyst 6500, na sehemu mbalimbali za dunia zikaona mtandao ukiyumba. Vifaa vingi kati ya hivyo vilikuwa na TCAM ya kutosha. Nafasi ilikuwa imetengewa IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti. Dawa ilikuwa kubadilisha mgawanyo na kuwasha upya. Waliopanga mapema hawakuona kitu siku ile.

Leo jedwali hilo liko karibu na njia 1,000,000. Swichi yetu haina haja nalo, ina njia moja ya jumla inayosema yote ya nje yaende kwa rauta. Kwa mtandao wa ukubwa wetu, ufupi huo wa jedwali ni ulinzi.

Jumatatu

Mwenye ploti amenitumia picha ya skrini. Amepinga swichi, yaani ameitumia ping, na majibu yanacheza: milisekunde 1, 1, 14, 2, 9. "Fundi, hiki kitu kinasitasita." Nilimwomba aipinge seva iliyo nyuma ya swichi badala ya swichi. Milisekunde moja au chini, mfululizo.

Ping inayoelekezwa kwa swichi yenyewe haina pa kwenda zaidi ya prosesa, na prosesa inaijibu inapopata nafasi, baada ya mambo muhimu zaidi. Ping inayopita ndani ya swichi haikutani na prosesa hata kidogo. Nimemwandikia maelezo haya kwa simu na amenishukuru. Nimeyaweka pia kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la vifaa, pamoja na amri nne: ya TCAM, ya majirani, ya foleni za prosesa, na ya CPU. Atakayekuja baada yetu aanzie hapo.

Kilichobaki ni IPv6. Mtoa huduma ameshatupa anwani, na mgawanyo wa sasa wa swichi hauna nafasi hata moja ya IPv6 kwenye maunzi. Mgawanyo wa mchanganyiko upo, na unashusha MAC hadi 2K na njia za IPv4 hadi 3K. Simu moja ya kisasa hujipa anwani kadhaa za IPv6 kwa wakati mmoja, kwa hiyo mistari ya vifaa vya moja kwa moja itaongezeka kuliko idadi ya simu. Tumehesabu vifaa vilivyopo saa za jioni, tukazidisha kwa nne ili tuwe upande salama, na vinatosha ndani ya mgawanyo huo bila kubana.

Kubadilisha kunahitaji kuzima na kuwasha. Tumekubaliana na keateka iwe Jumapili alfajiri, kabla ya saiba kufungua, na kijana ndiye atakayeandika amri.